Ukili mkononi, ngano mdomoni: mwongozo kamili wa kumfundisha mtoto utamaduni wa kale wa pwani

Likizo ikikaribia tu, ujumbe unaanza kuingia, na wote ni wa namna moja. Mzazi amenunua ukindu (majani ya mkindu ya kusukia), amemkalisha mtoto mkekani, ameanza na "zamani mababu zetu walikuwa…" Dakika kumi baadaye mtoto yuko kwenye katuni, na fungu la ukindu liko uvunguni mwa kochi. Mwaka jana mama mmoja aliniandikia: "Mwanangu hapendi mambo ya asili." Nikamuuliza alisuka kiasi gani. Hakusuka hata pindi moja. Alisikilizishwa tu.

Wengi wanakwama mahali pale pale. Maelezo yanatangulia kazi. Kazi yenyewe ni kubwa kuliko mikono ya mtoto (nani anaanza na mkeka?). Halafu hadithi inasimuliwa ikiwa na mtihani nyuma yake: "Haya, tumejifunza nini?" Hapo mtoto anajua amerudishwa darasani.

Mwongozo huu unapita njia nyingine. Mikono inaanza, hadithi inafuata mikono, na historia inaingia mwishoni kupitia tundu la sindano. Tutatengeneza kitu kimoja tu: kopo la kalamu lililovikwa ukili, yaani utepe mrefu uliosukwa kwa ukindu. Tutasimulia hadithi moja tu: Kima na Papa. Tenga jioni sita au saba, kila moja ya dakika 30 hadi 40. Unamfaa mtoto wa miaka 7 hadi 11. Mwenye miaka 5 au 6 nina neno lake mbele kidogo.

## Vitu vya kuandaa

- Fungu dogo la ukindu au miyaa iliyokwisha kukaushwa. Kama uko mbali na pwani, rafia ya dukani inafaa. Kama hata rafia hakuna, kata vipande virefu kutoka mifuko ya karatasi ya kaki.
- Kopo tupu la gramu 400, lile la nyanya au maharage, lililooshwa na kukaushwa.
- Vibanio 2 vya nguo na ubao mdogo. Ubao wa kukatia vitunguu unatosha.
- Kitambaa cha pamba na bakuli la maji.
- Sindano kubwa yenye ncha butu, na uzi mnene wa pamba au wa katani.
- Mkasi, rula, na utepe wa gundi wa kufunika ukingo wa kopo.
- Vijiko 3 vya manjano ya unga, ukitaka rangi.
- Hadithi iliyoko kichwani mwako. Iliyoko kwenye simu haihesabiki.

Neno kuhusu kununua ukindu. Ukimpata bibi anayesuka, sokoni au barazani kwake, usimwendee kichwakichwa na "hii bei gani?" Anza na "Shikamoo bibi," ngoja marahaba, mwambie unataka kumfundisha mtoto. Mara nyingi atakuchagulia chane (vipande vyembamba vya ukindu) laini zisizovunjika, na atakuonyesha mkono mmoja au miwili bila kumwomba. Na mtoto nenda naye. Mimi nilikwenda peke yangu mara ya kwanza, nikarudi na fungu gumu la kutengenezea majamvi, na nikajiona mjanja kwa bei niliyopata.

## Hatua ya 1: Andaa chane kabla mtoto hajakaa

Kazi hii ifanye mwenyewe, usiku wa kuamkia siku ya kuanza. Pasua ukindu uwe chane nyembamba za upana wa milimita 5, karibu sawa na njiti mbili za kiberiti zilizolazwa pamoja. Zikiwa na upana tofauti ukili utakwenda tenge, na mtoto atadhani kosa ni la mikono yake.

Andaa chane kama 25. Tano za kuanzia zikate kwa urefu usiolingana: moja sentimita 30, nyingine 35, 40, 45 na 50. Sababu utaiona hatua ya 3. Zikilingana zote zitakwisha kwa wakati mmoja, na kuunga chane tano mahali pamoja ni kujitafutia shimo.

Nusu saa kabla ya kuanza, funga chane ndani ya kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa. Usizitumbukize kwenye ndoo. Ukindu uliolowa chepechepe huvimba, na ukikauka husinyaa, ukili ukabaki na mianya kama wavu. Ukiusahau ndani ya maji hadi asubuhi, unaanza kunuka na kuota ukungu.

Umefaulu kama: uchane unauzungusha kwenye kidole bila kulia "ta!" na vidole vyako havidondoshi maji.

Onyo: pembe za ukindu mkavu zinakata kama karatasi mpya. Pitisha kila uchane katikati ya kitambaa mara moja au mbili kuondoa makali na nyuzi.

## Hatua ya 2: Rangi, ikiwa unataka

Unaweza kuiruka, lakini mimi siiruki, na urembo siyo sababu. Chane 2 za rangi kati ya 5 zinamsaidia mtoto kuona kosa. Akikosea mpito mmoja, mstari wa rangi unapinda au unakatika, naye anajua bila kuambiwa. Mtoto anayeona kosa lake mwenyewe hakasiriki kama yule anayeonyeshwa.

Chemsha maji lita 2 na vijiko 3 vya manjano. Tia chane 10, acha zichemke taratibu kwa nusu saa, zima jiko, ziache zipoe humo humo. Zisuuze, zianike kivulini. Sufuria ni ya mtu mzima. Mtoto akoroge unga kwenye maji baridi kabla ya kuwasha moto, hapo ndipo pa kwake. Mvalishe nguo kuukuu, maana manjano yakishika fulana ya shule hayatoki.

Mwambie mapema kwamba njano hii hufifia juani. Wasusi wengi leo hutumia rangi za unga za dukani kwa sababu hiyo, na wala si dhambi. Kwa kikopo cha kukaa ndani, manjano yanatosha.

## Hatua ya 3: Mkono ujifunze kwanza

Jioni ya kwanza hakuna hadithi. Wazazi wengi wanapinga hapa, na ndipo wanapoharibu. Mtoto ambaye bado anahesabu chane hana sikio la kusikilizia. Ukimsimulia sasa, atapoteza vyote viwili.

Panga chane 5 kwenye ubao, ncha zake zikiwa zimebanwa pamoja kwa kibanio. Mbili za rangi ziwe pembeni kushoto. Kisha:

1. Gawa: chane 3 kushoto, 2 kulia.
2. Chukua uchane wa mwisho kabisa kushoto. Upitishe juu ya jirani yake, kisha chini ya unaofuata, uende kukaa upande wa kulia. Sasa kulia kuna 3.
3. Chukua uchane wa mwisho kabisa kulia. Upitishe juu ya jirani yake, chini ya unaofuata, uende kukaa kushoto. Kushoto kuna 3 tena.
4. Rudia namba 2 na 3.

Basi. Kila uchane unatoka pembeni, unaingia katikati. Mpe mtoto maneno ya kusema kwa sauti: "Juu, chini, nyumbani. Juu, chini, nyumbani." "Nyumbani" ni pale uchane unapofika upande wa pili. Wanangu waliyaimba mpaka wakakera nyumba nzima, lakini baada ya hapo sikuhitaji kusahihisha.

Kila baada ya mipito minne, mfundishe kuvuta chane zote kidogo kwa pamoja, kushoto na kulia. Asivute mmoja mmoja kwa nguvu, ukili unapinda kama mkia wa mbwa.

Kuunga chane. Uchane ukibaki na urefu wa vidole vinne, lalia uchane mpya juu yake, ncha ya mpya ikitokeza kidogo upande wa nyuma. Suka zote mbili kama uchane mmoja kwa mipito mitatu, kisha achana na wa zamani, endelea na mpya. Usiunge chane mbili zilizopakana kwa wakati mmoja. Vishungi vinavyotokeza viache hadi mwisho. Mtoto atataka kuvikata hapo hapo, na akikata mapema sana kiungo kinachomoka.

Umefaulu kama: mwisho wa jioni mtoto ana ukili wa urefu wa kiganja, umepinda, una mwanya mmoja au miwili, na ameusuka *mwenyewe*. Wa kiganja unatosha. Usifumue usiku akilala ili umsukie vizuri. Nimewahi kufanya hivyo. Asubuhi aliushika, akaugeuza, akasema, "Huu si wangu," akauweka chini. Ilinichukua wiki kumrudisha mkekani.

Kwa mtoto wa miaka 5 au 6, tumia chane 3 pana zaidi na msuko wa kawaida wa nywele. Hutapata ukili wa kweli, ila mkono unapata kazi na hadithi inapata mahali pa kukaa.

## Hatua ya 4: Hadithi iingie mikono ikishajua njia

Jioni ya pili au ya tatu utaona dalili: mtoto anasuka huku akitazama dirishani. Macho yameacha kulinda vidole. Hapo ndipo hadithi inaingia.

Zima televisheni. Ngoja jua lizame kama unaweza. Bibi yangu alikataa katakata kusimulia mchana, na nilipokua ndipo nilipoelewa kwamba mchana palikuwa na maji ya kuteka. Wewe nawe shika ukili wako. Msimuliaji asiye na kazi mkononi anageuka kuwa mwalimu.

Fungua kwa mlango wake: "Paukwa!" Mtoto ajibu, "Pakawa!" Kama kwenu ni "Hadithi, hadithi!" na "Hadithi njoo, utamu kolea," tumia hiyo. La msingi ni kwamba mtoto amejibu. Amekubali kuingia, na sasa hadithi ni ya wawili.

Usiisome. Ijue mifupa yake, nyama utaiweka mwenyewe. Mimi huisimulia hivi:

*Palikuwa na mkuyu ufukweni, matawi nusu nchi kavu, nusu juu ya bahari. Humo alikaa kima, akila kuyu. Chini yake hupita papa. Siku moja papa akasema, "Nami nitupie." Akatupiwa moja. Kesho mbili. Ukapita mwezi, wakawa marafiki.*

*Papa akasema, "Rafiki yangu, umenilisha siku zote hizi. Twende kwetu nami nikukirimu." Kima akasema, "Mimi na maji wapi na wapi?" "Panda mgongoni." Kima akapanda. Wakaenda, wakaenda, mkuyu ukawa kama mchicha, ukawa kama nukta, ukapotea.*

*Papa akasema, "Sasa nikwambie kweli. Sultani wetu anaumwa. Dawa aliyoambiwa ni moyo wa kima."*

Hapo nyamaza. Usiulize kitu. Endelea kusuka: juu, chini, nyumbani. Ukisikia chane za mtoto zimeacha kuchakarika, hadithi imemshika. Hesabu mipito mitatu yako ndipo uendelee.

*Kima akacheka. "Ungeniambia tangu ufukweni! Sisi kima tukisafiri hatubebi mioyo. Tunaiacha mtini. Wangu umebaki kwenye mkuyu."*

Sentensi ya mwisho mpe mtoto. Kila papa anapouliza, yeye ndiye anayejibu: "Umebaki kwenye mkuyu!" Papa anauliza njiani mara ngapi? Mara nyingi kadiri ukili unavyotaka kuendelea. Ndiyo maana hadithi hizi zina marudio: zilisimuliwa kwa watu wenye kazi mkononi, na kazi haikwishi haraka.

*Papa akageuka. Walipofika, kima akaruka tawi la kwanza, la pili, la juu kabisa. "Kima, shuka twende!" Kimya. "Kima, moyo umeupata?" Kimya. "Kima!" Ndipo kima akasema, "Unadhani mimi ni punda wa dobi?" "Punda wa dobi ndiye nani?" "Ndiye asiye na moyo wala masikio."*

Ukomee hapo. Mtoto atauliza huyo punda alifanyaje. Mwambie hiyo ni ya kesho, na ni kweli: punda wa dobi ana hadithi yake, aliyedanganywa akarudi kwa simba mara ya pili. Umepata jioni ya nne bila kumbembeleza mtu.

Funga kwa namna ya wazee: hadithi ikiwa nzuri, uzuri wake ni wetu sote, ikiwa mbaya, ubaya ni wangu mimi niliyeisimulia.

Onyo la kwanza: usiulize "tumejifunza nini?" Ukitaka kujua kama imeingia, kesho yake ikosee makusudi. Sema kima alikaa kwenye mnazi. Mtoto akiruka na "Mkuyu!" umejibiwa.

Onyo la pili: usimdanganye kwamba kila hadithi ya pwani imezaliwa pwani peke yake. Watu wa Bara Hindi wana kima wao, naye anadanganywa na mamba. Bahari hii imekuwa njia kwa karne nyingi, na ngano zilipanda majahazi pamoja na vyungu na nguo. Mtoto mkubwa kidogo hupenda sana kusikia hilo, kwa hiyo lihifadhi mpaka aulize.

## Hatua ya 5: Refusha ukili kwa vitendawili

Kwa kopo la gramu 400 unahitaji ukili wa mita 1.8 hivi. Kopo lina mzingo wa karibu sentimita 24, na ukili wa chane 5 hukaa karibu na upana wa sentimita 1.7, kwa hiyo ni mizunguko sita au saba, na kidogo cha akiba. Pima kopo lako, makopo hayafanani.

Mita 1.8 ni ndefu kwa mtoto. Hapa ndipo wanapochoka, kwa kawaida karibu na nusu. Usiongeze hadithi nyingine ndefu. Badili pumzi, tia vitendawili.

"Kitendawili!" "Tega!" "Kuku wangu katagia mibani." (Nanasi.) "Nyumba yangu haina mlango." (Yai.) "Huku ng'o na kule ng'o." (Giza.)

Akishindwa, usimpe jibu bure. Mwambie, "Nipe mji." Yeye akupe mji, wewe useme umeenda huko, umeona nini, umekula nini, ndipo utoe jibu. Desturi hii ni hazina ambayo wazazi wengi wameisahau, nami nimeitumia kufundisha historia kuliko kitabu chochote nilichonunua. Wawekee ukutani karatasi yenye miji ya kale, wachague humo.

Mtoto akisema "Kilwa," unajibu: "Nimekwenda Kilwa, nikapishana na msafiri Ibn Battuta mlangoni, mwaka 1331, akitokea Mombasa. Nikaswali katika msikiti mkubwa wa mawe, nikala wali kwa samaki, nikarudi. Jibu ni nanasi." Wali na samaki umejazia wewe. Msikiti upo, magofu yake bado yamesimama Kilwa Kisiwani, na tangu 1981 ni urithi wa dunia. Akisema "Gedi," mpeleke msituni karibu na Malindi, kwenye nyumba za mawe zenye visima na vyoo vyake. Hakuna mtoto asiyecheka akisikia choo. Kisha anauliza, "Vyoo vya kweli?" Vya kweli.

Mji mmoja, jambo moja. Ukianza kumwaga nasaba za masultani, umerudi ulikotoka.

Umefaulu kama: mtoto anashindwa makusudi ili akupe mji.

Kila jioni ukimaliza, bana mwisho wa ukili kwa kibanio na uning'inize mahali penye hewa. Usiukunje kwenye mfuko wa plastiki ukiwa na unyevu. Kesho yake, kabla ya kuendelea, ukaze ulipolegea: bado unaweza kusogeza chane za juzi kwa kidole, za wiki iliyopita hazisikii tena.

## Hatua ya 6: Kushona, na hapa ndipo historia inapoingia

Ukili ukitimia, funga mwisho wake kwa uzi, uache ukauke siku nzima. Kisha kata vishungi vyote upande wa nyuma, ukibakiza milimita mbili.

Ziba ukingo wa kopo kwa utepe wa gundi, mikunjo miwili. Usiruke hatua hii. Bati lililokatwa halina huruma na kidole cha mtoto.

Anzia chini ya kopo. Zungusha ukili ukipanda taratibu kama ngazi ya mzunguko, ukingo wa mzunguko wa pili ukigusana na ukingo wa kwanza. Usilalie mmoja juu ya mwingine. Chini kabisa patabaki pembetatu ndogo wazi. Ni kawaida, hata vikapu vizuri huanza na kasoro hiyo, nayo hukaa upande unaotazama ukuta.

Shona kwa kupitisha sindano kwenye pindi za pembeni, pale chane zinapokunjwa ukingoni mwa ukili: pindi ya mzunguko wa chini, pindi ya mzunguko wa juu, vuta, songa mbele. Mtoto wa miaka 9 na zaidi ashone mwenyewe. Mdogo ashike kopo na kulizungusha, wewe ushone. Kaza kiasi uzi ulale. Ukivuta sana, pindi zinakatika na ukili unajikunja.

Sasa, sindano ikiwa kazini, mwambie jambo moja. Mwambie mkeka, msala na kikapu vyote vinaanza hivi: ukili mrefu unaoshonwa ukingo kwa ukingo. Kisha mwambie kuhusu mtepe. Visiwa vya Lamu vilikuwa na chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka wa majani ya mkindu na jamii yake. Mababu walivuka maji kwa ususi. Na kabla ya hapo sana, baharia mmoja aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya kwanza alitaja mji wa pwani hii uitwao Rhapta, jina linalotokana na neno la kushona, kwa ajili ya mashua zake zilizoshonwa.

Sentensi hizo tano ukizisema siku ya kwanza, zinapita sikio hili zinatokea lile. Ukizisema mtoto akiwa na uzi umebana kidole chake, atautazama uzi. Wangu aliuliza kama maji hayakuingia. Yaliingia, nikamwambia, kulikuwa na watu wa kuyachota.

Umefaulu kama: ukipindua kopo ukili hauteremki, na mtoto ameshatia kalamu kabla hujamaliza kukata uzi.

## Hatua ya 7: Mtoto asimulie

Kopo likikauka, mtoto ampelekee mtu mzima asiyekuwepo jioni zile: babu, shangazi, jirani. Ampe salamu yake, amwonyeshe kopo, kisha asimulie Kima na Papa, yeye akianza na "Paukwa!" Kama familia iko Toronto na bibi yuko Tanga, ujumbe wa sauti unatosha. Mwache arekodi peke yake chumbani. Akijua unasikiliza, atakutazama wewe badala ya hadithi.

Usimsahihishe. Akimpeleka papa sokoni, papa amekwenda sokoni. Akisahau mwisho, mpe mstari mmoja tu, "Kima, shuka twende!" naye atauokota. Kopo litumike. Likiwekwa kabatini kama pambo, mwezi ujao limekuwa zawadi ya mgeni. Likikaa na kalamu za shule, kila asubuhi linaguswa. Likichafuka, lifute kwa kitambaa chenye unyevu na ulianike kivulini. Usilioshe.

Binti yangu alimrekodia bibi yake dakika nne nzima. Jibu lilikuja usiku. Bibi alianza na "Pakawa," akamsifu, kisha akakohoa kidogo: "Ila mjukuu wangu, nani kakwambia ni mkuyu? Kwetu ulikuwa mkwaju, na kima alikuwa jike." Mtoto aliusikiliza mara tatu. Kisha akaja jikoni kuuliza kama ukindu umebaki, maana sasa ilibidi lisukwe kopo la pili, la kima wa bibi.